Udongo wa Mdomoni na Udongo wa Maabara

Titye, Kasulu
14 Januari 2024

Mwanangu Jeanne,

"Mwanamke anayekula udongo amejishusha mwenyewe akawa sawa na kuku." Hayo si maneno yangu. Ni ya Bwana Badru, yule anayejiita mtaalamu wa lishe. Aliyasema redioni Jumanne iliyopita, saa ya chakula cha mchana, na mtangazaji akacheka.

Najua barua ya shangazi huanza kwa salamu. Haya, nakusalimu, na mume wako Ndayiragije namsalimu. Baba yako, kaka yangu, hajambo, mguu umepungua uvimbe, amerudi kugombana na mbuzi wa jirani. Mihogo imekubali, maharage yamenyeshewa kupita kiasi. Kanisani wananisalimia kwa mbali tangu niliposimama kuuliza kwa nini kamati ya ujenzi haina mwanamke. Salamu zimekwisha, sasa nirudi kwa Bwana Badru.

Kwanza, kuku hali udongo. Kuku humeza changarawe ili zimsagie mahindi kwenye firigisi. Kwa hiyo mtaalamu wetu hajui lishe ya watu na hajui lishe ya kuku. Pili, alisema udongo wetu "umejaa sumu za metali". Metali gani? Kiasi gani? Udongo wa kichuguu kipi? Hakupima hata punje. Mama zetu walikula udongo huko Burundi kabla ya kukimbia, na wanawake wa Kiha tuliowakuta hapa walikuwa wanaula tangu zamani. Akitokea mtu anataka kutuambia tunakufa, alete kipimo. Asilete kuku.

Ndipo nilipokukumbuka. Wewe si ndiye unayetafuta metali ndani ya seli hai, huko Dar es Salaam? Miaka miwili sasa nawaambia watu hivyo bila kuelewa ninachosema. Nieleweshe. Halafu nipimie udongo wa Titye, nimpelekee huyu bwana jibu lenye namba.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu ni ya kuuliza bei ya maharage. Andika, umpe kondakta wa basi.

Masenge wako,
Esteri


Dar es Salaam
9 Februari 2024

Masenge mpendwa,

Shikamoo. Amahoro, amani kwako na kwa baba. Mwambie asikanyage tope na mguu ule. Sisi hatujambo. Ndayiragije amebadilishwa zamu, anatoka nyumbani kabla sijaamka. Joto la huku unalijua. Asubuhi nachelewa kidogo kazini siku hizi kwa sababu ya foleni.

Kucheka nimecheka, ila naomba usimwite Bwana Badru hadharani majina uliyomwita kwenye ukurasa wa nyuma wa barua.

Sasa kazi yangu. Mwili umejengwa kwa seli, vichumba vidogo ambavyo jicho halivioni. Maabarani tunazilea seli hizo kwenye visahani vya plastiki, tunazilisha, tunazipa joto kama vifaranga. Ndani ya seli metali zimo, na nyingine ni za lazima, kama chuma na zinki. Nyingine ni wageni wabaya, kama risasi, ile metali nzito iliyomo kwenye betri za magari na za sola. Tatizo ni kwamba huwezi kuziona. Ukiivunja seli ili uchungulie, kila kitu kinahama mahali pake, na unachokiona ni nyumba baada ya wezi kupita.

Kwa hiyo tunatengeneza kemikali ndogo sana tunayoiita kichunguzi. Kinapenya ndani ya seli bila kuiua, kinatulia kimya gizani. Kikikutana na metali kiliyotengenezwa kuishika, kinaishika, na umbo lake linabadilika. Tukimulika mwanga wa buluu, kile kilichoshika metali kinang'aa kijani. Kisichoshika kitu hakiangazi. Mimi natengeneza cha risasi. Dakta Kudra, mkuu wetu, ndiye mwenye cha zinki.

Kina udhaifu pia, nikuambie mapema kabla hujakipeleka redioni. Metali nyingine inaweza kukidanganya. Na kinaona risasi iliyo huru tu, si ile iliyokwisha kung'ang'aniwa na vitu vingine. Ndiyo maana kila jibu tunalirudia kwa mashine nyingine.

Tuma udongo, nitapima. Dakta Kudra amekubali, amesema ni jaribio zuri kwa kichunguzi kuliko maji tunayoyatia risasi wenyewe. Na ukiweza, ongeza mwingine kidogo wa kula. Wenzangu hapa wanaupenda.

Mwanao,
Jeanne


Titye, Kasulu
2 Machi 2024

Jeanne wangu,

Barua yako ilikaa ofisi ya basi Kasulu wiki nzima kwa sababu aliyeipokea aliandika jina langu kama la mwanamume, na mimi nikagoma kujibu kwa jina hilo. Tumeelewana. Baba yako hajambo. Mbuzi wa jirani ameuzwa na sasa baba yako hana wa kugombana naye, ananifuata mimi.

Foleni. Haya, nimesikia, foleni. Tangu ulipoolewa hujawahi kuniomba udongo, na wenzako wa maabara hawajawahi kupenda chochote cha Titye. Siulizi. Kwetu halisemwi mpaka lijioneshe lenyewe, na kwa habari za mwaka juzi una haki ya kunyamaza mara mbili. Nasema tu: lala kwa ubavu, na usibebe ndoo.

Nimekutumia vifurushi viwili. Usivichanganye.

Cha mfuko wa nailoni mweusi ni cha maabara. Huo nimeuchimba mwenyewe kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba, nikauanika kwenye jamvi juani. Una mizizi na una chembe za mchanga, lakini mashine haina ulimi.

Kilichofungwa kwa kitenge ni cha mdomoni, na sikukuchimbia kichuguuni kwangu. Kwa mdomo wako nilipanda basi mpaka Kibondo kwa Mwanaheri. Huyu udongo wake hauna mpinzani, kuanzia kwao mpaka Kakonko. Anausaga, anauchekecha kwa kitambaa, anaufinyanga vijiti, na unanukia kama mvua ya kwanza. Hata masika unakauka upesi, maana anaupanga kwenye mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya mwanawe Mudathiri, na ukuta ule una joto la moto mchana kutwa.

Alinitazama. Bado ananiita kwa jina la darasani. "Wa nani huu, Mwalimu?"

"Wa mtu."

"Mtu mmoja au wawili?"

"Mwanaheri, nipimie udongo."

"Nakupimia. Nauliza ili nijue kiasi, maana wa wawili huwa naongeza."

Akaongeza. Nikalipa. Ndiyo biashara.

Kula kidogo kidogo. Na uniletee jibu la kumfunga mtu mdomo.

Masenge wako,
Esteri


Dar es Salaam
11 Aprili 2024

Masenge,

Shikamoo. Pole kwa kukaa kimya. Tulikuwa na mafuriko, umeme ukakatika, tukapoteza seli zote za mwezi mzima, ikabidi tuanze kulea nyingine. Ndayiragije anakusalimu. Anasema kitenge kile amekichukua yeye, kinamfaa kufutia pikipiki. Nimemnyang'anya.

Jibu lako hili hapa. Udongo wa nailoni nyeusi tuliuloweka kwenye tindikali mfano wa ile ya tumboni, tukachuja, tukatuliza ukali, tukazipa seli yale maji. Pembeni tukaweka visahani vingine viwili: kimoja seli zilizokunywa maji safi, kingine seli tulizozipa risasi makusudi. Kisha tukaingiza kichunguzi na kumulika.

Zilizopewa risasi ziling'aa, Masenge. Natamani ungeona. Ni kama vijiji vinavyoonekana kutoka mlimani, kila nyumba na taa yake. Zilizokunywa maji safi zilikuwa giza. Na zilizokunywa udongo wa Titye zilikuwa giza vilevile.

Usikimbie redioni. Hii ni mara moja. Nataka kurudia, na mashine ile nyingine tumepewa zamu mwishoni mwa Mei. Pia udongo unaweza kushika chuma cha chakula tumboni kisiingie mwilini, na hilo kichunguzi changu hakiliulizi. Kwa hiyo sijasema udongo ni chakula. Nimesema tu sikuona risasi.

Wa kitenge umekwisha. Kama utapita Kibondo.

Nalala kwa ubavu.

Jeanne


Titye, Kasulu
28 Aprili 2024

Jeanne, binti wa kaka yangu,

Amahoro. Sisi wazima. Mvua imebomoa kona ya jiko, baba yako ameikarabati kwa miti iliyopinda na anadai ndiyo mtindo.

Redioni nimekwenda. Ulisema nisikimbie, sikukimbia. Nilipanda bodaboda.

Usikunje uso. Walikuwa wamemwalika Badru tena, na mimi nikaomba kiti cha upande wa pili. Nilianza na kuku na changarawe, mafundi mitambo wakawa hoi kwa kicheko. Kisha nikasoma jibu lako, neno kwa neno: giza. Badru akasema, "Mwalimu, hizo seli ziko kwenye kisahani, hazijawa mwanamke."

Nikamwambia, "Na wewe uliyesema, hujawahi kupima kisahani wala mwanamke. Mimi nimepima kimoja kati ya viwili. Nani ametangulia?"

Akasema, "Udongo wa kichuguu kimoja si udongo wote."

"Basi taja kichuguu chako."

Wanawake wamenipigia simu kutoka Kasanda, kutoka Kibondo, kutoka makambini. Mmoja alilia. Alisema mama mkwe wake amemzuilia udongo kwa fimbo. Nimemwambia amwambie mama mkwe kwamba sayansi imeamua.

Nimepita Kibondo. Kifurushi ni kikubwa kuliko cha kwanza, Mwanaheri amekataa kukipima sawasawa, anasema mtu wangu sasa lazima ana njaa. Alisikia redio. Wateja wamemzidi, anaupanga udongo mpaka juu ya dari ya karakana.

Masenge wako mshindi,
Esteri


Dar es Salaam
6 Juni 2024

Masenge,

Shikamoo. Barua hii inafuata simu yangu ya Jumatatu. Najua hupendi simu, lakini jambo hili halikuweza kungoja basi. Sikueleza vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, nawe ulikuwa unauliza, "Kichuguu kipi? Kichuguu kipi?" Nieleze sasa.

Tulipotaka kurudia kipimo, udongo wa nailoni ulikuwa umekwisha. Mwenzangu mmoja aliona vijiti vyako kwenye droo yangu, akadhani ni akiba ya maabara. Akaviloweka, akachuja, akazipa seli. Aliponiita kuangalia nilidhani amekosea kisahani, ameweka kile cha risasi ya makusudi. Seli zilikuwa zinang'aa ukingo hadi ukingo.

Tulirudia kwa seli nyingine. Ziling'aa. Tulitia dawa inayoing'oa risasi kutoka kwenye kichunguzi, zikazimika, maana yake hakikudanganywa na metali nyingine. Jana mashine kubwa imethibitisha. Udongo wa Kibondo una risasi, Masenge. Si chembe ya kubahatisha.

Ulinitumia vifurushi viwili. Kibaya ulikipa maabara, kizuri ukanipa mimi. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Na mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni hii, sikukipima cha mdomoni. Kilitoka kwako, na cha kwako sikufikiria kukipima.

Sasa naliandika ambalo halisemwi: nina mimba, ya mwezi wa sita. Udongo nimeuacha tangu siku ile. Nimetoa damu hospitali, majibu yanachukua wiki mbili. Daktari ameniambia risasi huvuka kwa mama ikaenda kwa mtoto. Amenipa vidonge vya kalsiamu na chuma, na hakunipa ahadi.

Nadhani tatizo si udongo bali ni ukuta. Muulize Mwanaheri mwanawe Mudathiri anafanya nini karakana. Na tafadhali, wale wanawake waliokupigia.

Jeanne


Titye, Kasulu
20 Juni 2024

Mwanangu,

Sitaandika habari za nyumbani. Baba yako amejua, anachonga mpini wa jembe ambalo hatuna.

Nilikwenda Kibondo kesho yake baada ya barua yako kufika. Nilifika Mwanaheri anawapanga wateja kwa foleni. Nikamwambia, "Funga." Akasema, "Mwalimu, una nini?" Nikamwambia, "Funga kwanza, nitakuambia mlango ukiwa umefungwa, sitaki kukuaibisha barabarani."

Alifunga. Tukaenda karakana kupitia uani. Mudathiri ni fundi betri. Sikuzote nilijua ni fundi, sikuwahi kuuliza wa nini. Anapasua betri kuukuu za sola, anayeyusha risasi kwenye karai juu ya mkaa, anaimimina upya. Joto la ule ukuta ni hilo. Vumbi la kijivu limetanda kwenye kenchi za paa, kwenye mabati, kwenye kope zake. Nilipitisha kidole kwenye mabati ya udongo nikamwonyesha mama yake.

"Hilo ni vumbi," alisema.

"Ni vumbi la betri."

"Kila siku nafuta."

"Unafuta kwa kitambaa kile kile unachochekechea."

Akakaa chini. Unajua aliniuliza nini? Hakuuliza habari za duka. "Yule mtu wako, ni wa wawili?" Nikasema ndiyo. Akaweka mkono kichwani. Kisha akamgeukia Mudathiri, mtu mzima mwenye ndevu, akamwambia, "Zima moto. Ukiwasha tena hapa, utanitoa mimi kwanza." Mudathiri akasema, "Mama, nitakula nini?" Mwanaheri alikwisha kuinuka kutafuta jembe, nami nikamfuata.

Mzigo wote wa udongo tumeufukia shimoni, pamoja na yale mabati. Nimewapigia wanawake ambao namba zao ninazo. Wengi namba zao sina. Yule wa mama mkwe mwenye fimbo simpati.

Jeanne, kuna jambo nataka kukuuliza, na ndilo ninalolizunguka tangu barua ya kwanza. Ulikua ukinijua sina mtoto, hukuwahi kuuliza, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na adabu ya kutokuambia. Nilizaa wawili. Hawakukaa. Ndugu wa mume wangu walikaa kikao, wakasema Esteri amewala wanawe kwa udongo. Ndivyo nilivyorudishwa kwa kaka yangu. Kwa hiyo Badru aliposema kuku, haikuwa mara yangu ya kwanza kuhukumiwa kwa udongo.

Sasa niambie kama mtu wa maabara, usinihurumie. Walisema kweli?

Esteri


Dar es Salaam
17 Julai 2024

Masenge wangu,

Shikamoo. Amahoro sana.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, kisha nikamsomea Ndayiragije. Tusamehe, ni mume wangu. Amesema nikuandikie kwamba mtoto akiwa wa kike tayari ana jina.

Damu yangu kwanza. Kiwango cha risasi kilikuwa juu ya kile wanachokubali kwa mjamzito. Wiki hii nimepima tena, kimeshuka. Hakijaisha, lakini kinashuka. Mtoto anacheza. Anacheza zaidi nikiwa nimeketi mbele ya hadubini, sijui anataka nini.

Sasa swali lako. Umesema nisikuhurumie, basi sitakuhurumia. Siwezi kujua kwa nini hawakukaa. Kichunguzi kinahitaji seli iliyo hai leo. Hakuna cha kurudi nyuma. Kama nikikuambia udongo haukuhusika kabisa, nitakuwa nasema bila kupima, na mtu wa namna hiyo wewe una jina lake.

Lakini ninachokijua ni hiki. Udongo uliokuwa unaula ulitoka kichuguuni kwenu, ukakaushwa juani, na wakati ule Titye nzima haikuwa na betri ya kupasua. Udongo wa kichuguu hicho nimeupima, mara ya pili sasa, baada ya baba kunitumia mwingine kwa basi bila wewe kujua. Giza. Huenda ulikunyima chuma kidogo. Wanawake wangapi walikosa chuma bila udongo, kwa kula muhogo mtupu wakilima mpaka siku ya uchungu? Ndugu wa mume wako hawakuwa na kisahani, hawakuwa na daktari, walikuwa na kikao tu. Walihukumu bila kipimo. Hilo naweza kulisema kama mtu wa maabara.

Na mimba yangu ya mwaka juzi haikukaa, na sikuwa nimeonja udongo hata kidogo. Ulikuja, ukakaa nami mwezi mzima, ukanipikia, na hukuniuliza nilikula nini. Nilishangaa wakati ule, wewe unayeuliza kila kitu. Sasa nimeelewa.

Rudi redioni, Masenge. Sema yote mawili.

Mwanao,
Jeanne


Titye, Kasulu
22 Septemba 2024

Jeanne wangu, mama Esteri,

Nimepokea simu ya Ndayiragije. Kwa habari ya namna ile nairuhusu simu. Kilo tatu kasoro, kelele nyingi. Baba yako amezunguka Titye yote kwa miguu, mguu ule ule, kutangaza, na alipokosa wa kumwambia akawaambia wanunuzi wa mihogo. Mmesema damu ya kitovu ina risasi kidogo, daktari atamfuatilia, na kwa sasa ananyonya na anakua. Nimeyaelewa maneno "kwa sasa". Sitajifanya sikuyasikia. Nashukuru Mungu kwa sehemu iliyopo.

Redioni nimerudi. Badru alikuwepo, amevaa tai. Nilisema udongo wa kichuguu changu haukuwa na risasi, na udongo niliokuwa nikiusifia wa Kibondo ulikuwa nayo, na kwamba niliusifia bila kuupima, na aliyeula aache leo akapime damu. Badru akasubiri nimalize, akasema taratibu, "Kwa hiyo Mwalimu anakubali nilisema kweli."

Nikamwambia, "Bwana Badru, ulisema kuku. Ungesema betri ningekupikia pilau."

Nimkubalie moja, mbele yako tu: alisema kichuguu kimoja si vichuguu vyote, na hapo alikuwa sahihi. Baada ya kipindi alinifuata nje akaniuliza ule ukuta uko wapi hasa. Tulikwenda naye Kibondo. Amemsaidia Mudathiri kupata kiwanja mbali na nyumba za watu, nje ya mji, na Mudathiri sasa anavaa kitambaa puani, kimeshonwa na mama yake. Mwanaheri anauza chumvi ya Uvinza na dagaa. Anakusalimu, ananiuliza habari za mtoto kila ninapopita, na bado hawezi kunitazama usoni.

Yule wa mama mkwe mwenye fimbo nimempata. Ni wa Kasanda. Alikula wa Kibondo tangu Aprili, kwa sababu nilimwambia sayansi imeamua. Yu mwezi wa nane. Nilimpeleka akapime damu, tukaambiwa kipimo cha risasi hakipo. Tukaenda pengine, hakipo. Tuliambiwa twende Dar es Salaam. Nilimtazama tumbo, nikaitazama barabara, tukarudi nyumbani. Wako wengine kama yeye, nimehesabu wale ninaowajua nikaacha kuhesabu.

Kwa hiyo sehemu hii ya barua si yako peke yako. Simama katikati ya maabara uwasomee wenzako, na Dakta Kudra awe ameketi.

Ndugu zangu wa maabara. Kazi yenu naiheshimu, imemwokoa binti yangu na kitu nilichomtumia kwa mkono wangu. Lakini nasikia mna mpango wa kuandika kuhusu udongo wa Kigoma kwenye jarida la nje, pamoja na picha za seli zinazong'aa. Andikeni. Ila msiniambie wanawake wa huku ni "eneo la utafiti". Seli zenu mnazilisha kwa ratiba, mnazipa joto, zikifa kwa umeme kukatika mnasikitika na kulea nyingine. Mwanamke wa Kasanda hana wa kumlea mwingine mahali pake. Kichunguzi chenu kimeshasema kilichokuwa kwenye udongo. Bado hakuna aliyesema kilichomo ndani yake yeye, na ninyi mnajua zilipo mashine na nani anaziwasha.

Dakta Kudra, njoo mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza kututenga, ulete vifaa vya kutolea damu na mtu wa kuisafirisha ikiwa baridi mpaka kwenye mashine yenu. Chumba ninacho, safi. Wanawake nitawaleta mimi, wa Titye, wa Kasanda na wa Kibondo, na majibu mtayarudisha kwao wenyewe, kwa majina yao, kabla hamjayapeleka kwenye jarida lolote. Jeanne, nawe uje naye, na umlete mtoto.

Esteri Niyubahwe